Jeshi Lisilo na Daftari: Kisa cha English Defence League

Tarehe 10 Machi 2009, askari wa kikosi cha Royal Anglian waliokuwa wamerejea kutoka Iraq walipita kwa gwaride katikati ya mji wa Luton, kaskazini ya London. Wakazi walijipanga kando ya barabara kuwapungia mikono. Pembeni, wakiwa wamezungukwa na polisi, walisimama watu wapatao 20 wenye mabango yaliyowaita askari hao wachinjaji wa Basra. Hawakuwa wametumwa na msikiti wowote wa mji ule. Walikuwa wafuasi wa al-Muhajiroun, kikundi kidogo cha Waislamu wenye siasa kali na kelele nyingi, kilichozoea kubadilisha jina kila serikali ilipokipiga marufuku. Umati ulipowageukia, polisi waliwakinga, na waliokamatwa siku ile walitoka upande wa umati. Januari 2010 mahakama iliwatia hatiani watano kati ya waandamanaji wale, lakini hukumu hiyo ilikuja baada ya picha kukamilisha kazi yake: dola, kwa macho ya waliokuwa barabarani, ilikuwa imemlinda anayewatukana askari na kumfunga pingu anayekasirika.

Kutoka katika hasira ya asubuhi hiyo lilizaliwa kundi lililoitwa English Defence League (EDL), yaani umoja wa kuilinda Uingereza, ambalo kwa miaka minne lilikuwa ndilo kubwa zaidi barabarani miongoni mwa makundi ya mrengo mkali wa kulia nchini humo. Kisa chake kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mtu mmoja, mwanzilishi wake. Mimi naona kinaeleweka vizuri zaidi tukitazama jambo ambalo kundi hilo halikuwa nalo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, nalo ni daftari la wanachama. Wepesi ulioliwezesha kujaza uwanja wa mji wowote ndani ya wiki chache ndio huohuo uliolifanya likose wa kumkanya mlevi, wa kumrithi kiongozi na wa kugeuza kelele kuwa kura.

Luton haikuwa mahali pa bahati nasibu. Kiwanda cha magari cha Vauxhall, kilichoulisha mji ule kwa vizazi, kiliacha kuunda magari madogo mwaka 2002, kikabaki na kazi ya magari ya mizigo yenye ajira chache zaidi. Mtaa wa Bury Park ulikuwa umekaliwa na familia nyingi zenye asili ya Pakistan, Kashmir na Bangladesh, na uwanja wa timu ya mpira ya Luton Town, Kenilworth Road, umebanwa katikati ya nyumba za mtaa huohuo. Kwa hiyo kila siku ya mechi, maelfu ya mashabiki ambao wengi wao walishahamia pembezoni walirudi kupita mbele ya maduka ya nyama halali na misikiti katika mitaa waliyoikumbuka kwa sura nyingine. Timu yenyewe ilikuwa katika mwaka mbaya kuliko yote: ilipokonywa pointi 30 kwa makosa ya fedha, na Aprili 2009 ikashuka kabisa kutoka katika ligi kuu nne za nchi. Sidai kwamba pointi 30 huzaa chuki dhidi ya Uislamu. Nasema tu kwamba vijana waliozoea kusafiri pamoja Jumamosi, kunywa pamoja na kupigana pamoja walikuwa wamejaa tele, na mambo ya kujivunia yalikuwa haba.

Mmoja wao alikuwa Stephen Yaxley-Lennon, aliyezaliwa mwaka 1982, mwenye biashara ndogo ya saluni ya kuchoma ngozi rangi kwa taa. Aliwahi kuchukua kadi ya chama cha British National Party (BNP) kwa mwaka mmoja, na mwaka 2005 alifungwa kwa kumpiga polisi aliyekuwa nje ya zamu. Jina la Tommy Robinson, ambalo dunia inamjua kwalo, aliliazima kwa mhuni wa mpirani aliyefahamika hapo Luton. Pamoja na binamu yake Kevin Carroll na wenzao, aliandaa maandamano ya Mei 2009 yaliyoishia katika vurugu, na mwezi uliofuata EDL ikatangazwa. Mfanyabiashara aliyejitambulisha kwa jina la Alan Lake aliwasogelea mapema kwa ushauri na fedha, lakini mtaji halisi ulikuwa mitandao ya mashabiki wa mpira ambao siku nyingine wangepigana wao kwa wao, na ukurasa wa Facebook.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Mwisho wa Mei mwaka huohuo, Waislamu wa Bury Park wenyewe waliwatoa watu wa al-Muhajiroun mahali walipozoea kuweka meza yao ya mahubiri na kuwaambia wasirudi. Kama lengo lingekuwa kikundi kile, kazi ilikuwa imefanywa na majirani zake, bila bendera wala wimbo. EDL iliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu ilimhitaji adui huyo, naye aliihitaji vilevile. Wahubiri wa al-Muhajiroun waliwaonyesha vijana wao picha za EDL kuthibitisha kwamba Uingereza inauchukia Uislamu. EDL iliwaonyesha vijana wake picha za Anjem Choudary, msemaji wa kikundi hicho, kuthibitisha kwamba Uislamu unaichukia Uingereza. Vikundi viwili vidogo vilikuwa vikilishana kijiko kwa kijiko, na gharama ikilipwa na mamia ya maelfu ya watu ambao hawakuwa katika hiki wala kile.

Kuanzia majira ya joto ya 2009 kundi lilienda mji baada ya mji: Birmingham, Manchester, Leeds, Stoke, Dudley, Bradford. Utaratibu ulikuwa mmoja. Tangazo liliwekwa Facebook, matawi ya mitaa yaliyoitwa divisheni yakakodi mabasi, watu wakakutana asubuhi katika baa, na mchana wakasogea hadi uwanja uliotengwa na polisi, wakiwa na bendera za msalaba mwekundu wa Mtakatifu George. Upande wa pili wa uzio walisimama wapinzani wao, wengi chini ya mwavuli wa Unite Against Fascism, muungano wa kupinga ufashisti. Bolton, Machi 2010, polisi walikamata watu 74, na 55 kati yao walikuwa wa upande huo wa wapinzani, hesabu iliyowapa EDL maneno ya miezi mingi.

Hakukuwa na ada wala kadi. Aliyefika alikuwa mwanachama. Asiyefika wiki iliyofuata hakuwa amejiuzulu. Taasisi ya utafiti ya Demos, ambayo mwaka 2011 iliwahoji wafuasi 1,295 kupitia Facebook, ililazimika kukisia ukubwa wa kundi, ikalikadiria kuwa na watu kati ya 25,000 na 35,000, ikaeleza kwamba wahojiwa wengi mno walikuwa wanaume. Ukweli kwamba ilibidi kukisia ndio habari kubwa kuliko tarakimu zenyewe. Viongozi nao walikuwa wakikisia. Walipoitisha maandamano ya Bradford ya Agosti 2010 na kuyatangaza kuwa makubwa kuliko yote, waliotokea hawakutimia 1,000. Februari 2011, waliporudi Luton nyumbani, makadirio yaliyotajwa sana yalikuwa karibu 3,000. Siku hiyohiyo ya Luton, Waziri Mkuu David Cameron alikuwa Munich akihutubia kwamba sera ya tamaduni nyingi kuishi sambamba imeshindwa. Hotuba haikuandikwa kwa ajili yao, lakini jukwaani Luton ilipokelewa kama salamu.

Kilichoitofautisha EDL na vyama vya zamani vya kibaguzi kilikuwa lugha yake. Ilisema haina ugomvi na rangi ya mtu, bali na itikadi kali. Iliunda divisheni ya Wayahudi, divisheni ya mashoga na wasagaji, na ikapeperusha bendera ya Israel katika mikutano yake. BNP, chama kilichojengwa juu ya ubaguzi wa rangi, kilipiga marufuku wanachama wake kujiunga nayo. Ingekuwa rahisi kusema kwamba hayo yote yalikuwa maigizo, na wengi husema hivyo. Nadhani kwa baadhi ya viongozi yalikuwa imani ya kweli kiasi, na hapo ndipo udhaifu wa kukosa daftari ulipojitokeza. Jukwaani msemaji alisema anapinga watu wachache wenye siasa kali. Chini, umati uliokunywa tangu asubuhi uliimba nyimbo za kumtukana Mwenyezi Mungu mbele ya maduka ya watu wanaofunga Ramadhani na kulipa kodi. Hakuna aliyeweza kumvua mtu uanachama ambao hakuwahi kupewa. Muislamu wa Dudley aliyefunga duka lake siku hiyo alisikia nyimbo. Ile tofauti ya kinadharia kati ya Uislamu na itikadi kali haikumfikia.

Mwaka 2011 ndipo mambo yalipoanza kuiendea EDL kombo. Makundi ya kaskazini yaliyojiita Infidels, yaani makafiri, yalijitenga, yakiona uongozi wa Luton ni laini mno na unawakumbatia watu wasiotakiwa. Julai 22, Anders Breivik aliwaua watu 77 nchini Norway, akiwa ameandika kuisifu EDL. Viongozi walimlaani, na sina sababu ya kudhani laana hiyo ilikuwa ya uongo. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila mwandishi wa habari aliyewahoji alianza na swali la Breivik.

Septemba 3 ya mwaka huo walilenga Tower Hamlets, mashariki ya London, mahali penye msikiti mkubwa na Wabangladeshi wengi. Shabaha hiyo ilikuwa na uzito wa kihistoria ambao sijui kama waliupima. Mwaka 1936, katika mtaa wa Cable Street uliopo hapohapo, wakazi Wayahudi, makuli wa bandarini na wakomunisti walizuia maandamano ya mafashisti wa Oswald Mosley, na kumbukumbu hiyo bado inatembea katika familia za mashariki ya London. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, alipiga marufuku maandamano ya kutembea, akaacha ruhusa ya kusimama mahali pamoja, kwa kuwa sheria haikumpa uwezo wa kuzuia mkutano wa aina hiyo. Polisi wapatao 3,000 waliwekwa barabarani. EDL, kama watu 1,000, waliishia Aldgate, mpakani mwa eneo hilo, wasikanyage ndani. Tommy Robinson, aliyekuwa amezuiwa kwa masharti ya dhamana asihudhurie, alipanda jukwaani akiwa amejivika mavazi ya rabi wa Kiyahudi, akayavua mbele ya umati. Walishangilia sana. Ukiitazama siku ile kwa utulivu, kiongozi aliyejigeuza mwigizaji akihutubia watu walioshindwa kuvuka barabara ni picha ya kundi lililoanza kujirudia.

Kujirudia huko kulikuwa gharama kubwa kuliko marufuku yoyote. Maandamano ya barabarani hulisha wafuasi wake kwa msisimko, na msisimko unahitaji kipimo kikubwa zaidi kila mara. Polisi walishajifunza: mabasi yalipokewa mbali, baa zikapangwa, watu wakapelekwa ndani ya uzio, wakasikiliza hotuba ileile, wakarudishwa mabasini. Mtu aliyetoka Newcastle saa kumi na moja alfajiri ili asimame saa mbili katika maegesho ya magari huko Midlands, katikati ya nchi, alianza kujiuliza maswali ambayo si ya kisiasa. Septemba 1, 2012, Walthamstow, wapinzani walifika mapema na kuvamia mahali palipotengwa kwa hotuba, viongozi wakatenganishwa na wafuasi wao, na wafuasi wakazuiliwa na polisi kwa saa kadhaa. Wengi hawakurudi tena barabarani baada ya siku hiyo.

Jaribio la kupata mlango mwingine lilifanywa. Mwaka 2012 Robinson na Carroll walichukua nafasi za makamu katika chama kidogo cha British Freedom, na Novemba Carroll aligombea ukamishna wa polisi wa Bedfordshire, mkoa ulimo Luton. Alipata takriban asilimia 10 ya kura, katika uchaguzi ambao wapiga kura wengi hawakujishughulisha nao. Kwa mgombea wa kundi la aina hiyo, asilimia 10 si haba. Kwa kundi lililodai kusema kwa niaba ya mji mzima, katika mkoa wake lenyewe, ilikuwa jibu. Tena kampeni hubisha hodi mlango kwa mlango, na hilo huhitaji orodha za majina ambazo hazikuwapo.

Juni 30 ya mwaka huohuo kulitokea jambo ambalo lingeweza kubadilisha historia yote hii. Vijana watano wenye itikadi kali walikwenda Dewsbury wakiwa na bomu la kujitengenezea, bunduki na visu ili kuushambulia mkutano wa EDL. Walifika wakakuta mkutano umekwisha mapema na watu wametawanyika. Walikuja kugunduliwa kwa sababu gari moja lilisimamishwa barabarani na polisi kwa kukosa bima. Mwaka 2013 wao na mwenzao wa sita walifungwa miaka mingi. Hotuba fupi siku hiyo iliokoa maisha ya watu.

Pigo la kweli likatua sehemu nyingine. Mei 22, 2013, askari Lee Rigby aliuawa mchana kweupe Woolwich, kusini-mashariki ya London, na Michael Adebolajo na Michael Adebowale. Msomaji wa pwani ya Kenya huenda analikumbuka jina la kwanza: Novemba 2010 Adebolajo alikamatwa katika eneo la Lamu akishukiwa kuelekea Somalia, akafikishwa mahakamani Mombasa, kisha akarudishwa Uingereza. Aliwahi pia kuzunguka katika duara la al-Muhajiroun. Usiku wa mauaji EDL walikuwa tayari Woolwich, na ndani ya siku chache wafuasi wa ukurasa wao wa Facebook walivuka 100,000. Jumamosi ya wiki hiyo umati mkubwa uliandamana Newcastle. Kwa mtazamaji wa wakati ule ilionekana kwamba kundi lililokuwa linakata roho limefufuka.

Kesho yake, Jumapili, tawi la York lilitangaza kuandamana mbele ya msikiti wa mji huo. Waumini waliandaa chai na biskuti. Walifika wafuasi wachache wa kuhesabika kwa vidole; wakazungumza, wakakaribishwa ndani, kisha pande zote zikacheza mpira. Kisa hicho kimesimuliwa mno kama muujiza wa ukarimu, na mimi sipingi ukarimu wake. Lakini kinafundisha pia hesabu: wakati ukurasa una watu 100,000, tawi la mji lilileta watu wasiotosha timu moja ya mpira. Kubonyeza kitufe hakukuwa kuandamana. Wimbi la Woolwich lilikuwa moto wa mabua. Liliwaka kwa urefu na likazimika kwa haraka, na lililobaki jivuni lilikuwa wale wakali zaidi, waliokuja kutafuta vurugu, na ambao Robinson mwenyewe alianza kuwaogopa.

Oktoba 8, 2013, yeye na Carroll walitangaza kujitoa, wakiwa wameketi pamoja na watu wa taasisi ya Quilliam, iliyoanzishwa na Waislamu walioachana na itikadi kali. Alisema ametambua hatari ya siasa kali za mrengo wa kulia. Hakuonekana kubadili sana alichokiamini kuhusu Uislamu, na baadaye akaja kudai kwamba taasisi hiyo ilikuwa ikimlipa. Januari 2014 alifungwa miezi 18 kwa udanganyifu wa mkopo wa nyumba, jambo lisilohusiana na maandamano. Nyuma yake walipokezana viongozi ambao majina yao hata wafuasi walikuwa wakiyachanganya. Maandamano yaliendelea kupungua, mamia kisha makumi, na picha iliyokumbukwa zaidi ya miaka hiyo si ya mwanaharakati wao yeyote, bali ya msichana mmoja wa Birmingham, Aprili 2017, akimtazama mwandamanaji wa EDL mwenye hasira kwa tabasamu na mikono mifukoni. Aprili 2019 Facebook ilipoufuta ukurasa wa EDL, ilikuwa kama kubomoa nyumba ambayo wapangaji walishahama.

Walihamia wapi, hilo ndilo swali la kisa hiki. Hawakushindwa kwa hoja. Hakuna mjadala ulioifunga EDL. Ilichoshwa na barabara, ikaachwa na kiongozi wake, na hasira yenyewe ikabaki pale ilipokuwa, sasa ikiwa na simu mkononi na bila haja ya mabasi. Julai 29, 2024, wasichana watatu waliuawa kwa kisu Southport. Uvumi ulienea mtandaoni kwamba muuaji ni mhamiaji Muislamu aliyewasili kwa mashua. Kumbe alikuwa kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff kwa wazazi wa Kinyarwanda. Kesho yake umati ulishambulia msikiti wa mji, zaidi ya polisi 50 wakajeruhiwa, na polisi wa Merseyside wakasema wanaamini waliohusika ni wafuasi wa EDL. Serikali ikaulizwa kama itaipiga marufuku EDL. Hapo ikadhihirika ugumu wake: kulikuwa na jina, wimbo na watu wanaolikumbuka, lakini hapakuwa na ofisi ya kufunga wala mweka hazina wa kuhoji. Daftari la kutaifisha halijawahi kuwapo.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 13, 2025, Tommy Robinson aliitisha mkutano katikati ya London, na polisi wakakadiria waliohudhuria kuwa kati ya 110,000 na 150,000, umati ambao EDL katika ubora wake haikuukaribia hata kwa mbali. Polisi 26 walijeruhiwa. Elon Musk alihutubia kwa video. Hapakuwa na divisheni za miji wala jina la kundi la kujiunga nalo, na walioitikia hawakuombwa kuandikisha chochote.